Maua ya Mama Yalipogeuka Rangi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kama mtu angeruhusiwa kuchagua siku moja ya kuisahau, mimi ningeichagua hiyo. Nimekaa na wanaume wa ukoo wetu, nimevaa koti la mtumba linalonibana makwapani, nasema kwa sauti ya mtu anayejua. Nje ya ukuta, shemeji yangu Foibe, mke wa mdogo wangu, amesimama na bakuli la maharage mikononi, tumbo limeshaanza kuonekana, anasikia kila neno. Sikujua kwamba yupo pale. Lakini nisikudanganye, kwa jinsi nilivyokuwa siku zile, hata ningejua nadhani ningepaza sauti zaidi.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Hadithi ya aibu ukiianzia katikati, msimuliaji anapata pa kujificha.

Sisi ni Wamatengo, watu wa milimani huku Mbinga, watu wa kahawa na mahindi na ngolo, yale mashimo ya kulimia yanayoshika maji kwenye miteremko. Mama yangu alilima kama wenzake, tena kuwashinda, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda maua. Wenzake walimcheka. "Mama Tasilo, hayo unayaunga kwa karanga?" Naye alijibu, "Hayo tunayala kwa macho, mjinga wewe." Kichaka chake alikipata misheni kwa Sista Gaudensia, mtawa aliyekuwa akitunza bustani. Masista waliyaita hotensia. Siku hizi nasikia vijana wanaouza miche mjini wanasema haidrenjia. Sisi tuliyaita maua ya misheni, basi. Yana vichwa vikubwa kama kabichi changa, na kwetu yalikuwa buluu, buluu ya vazi la Bikira Maria kule kanisani. Mama alikuwa akiyapeleka altareni kila yanapochanua, na hakuna aliyethubutu kuyachuma bila ruhusa yake, hata mimi mzaliwa wa kwanza.

Mdogo wangu Kosmas alioa ziwani, huko chini Nyasa. Foibe alikuwa binti wa Kianglikana, mweusi wa kupendeza, mpole, anayecheka huku amefunika mdomo. Mama alimpenda siku ya kwanza. Alimfundisha kulaza majani yaliyofyekwa na kuchimba ngolo, akamfundisha na kahawa, naye Foibe akamfundisha mama kuwapika usipa, vile visamaki vya ziwani, kwa nyanya bila kuwavunjavunja. Mimi niliona wivu. Mtu mzima na ndevu zangu namwonea wivu mke wa mdogo wangu kwa sababu mama anacheka naye jikoni! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na nimekuahidi sitajificha.

Mama akafariki. Tulimzika ukingoni mwa shamba la kahawa, na Foibe ndiye aliyekata kitawi kutoka kwenye kile kichaka cha nyumbani akakipanda kichwani mwa kaburi. Kikashika. Mvua za kwanza kikatoa maua buluu kama ya kichaka mama. Watu waliokuwa wakipita walifanya ishara ya msalaba, wakasema mama amepokelewa vizuri.

Basi zikaja zile siku za soko huria. Ushirika ulikuwa umelegea, na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na magari yao mpaka mlangoni, fedha mkononi. Mwanangu, kijana aliyezoea kusubiri malipo msimu mzima, siku moja anapewa noti papo hapo chini ya mkahawa wake! Tulirukwa na akili. Huyu kanunua redio, yule baiskeli, mwingine kaoa mke wa pili, kwa Mkatoliki ni balaa. Mimi nikasema nitamjengea mama kaburi. Sema lolote jingine juu yangu, lakini nilimpenda mama. Ila sikutaka kumpenda kimya kimya. Nilitaka kaburi la saruji lililopakwa chokaa, ling'are mpaka lionekane barabarani, watu waulize, "Lile la nani?" waambiwe, "La mama yake Tasilo."

Fundi alichanganyia saruji na chokaa palepale kichwani mwa kaburi. Akapaka mara moja, nikasema haitoshi, akapaka tena. Jioni akaniuliza, "Bosi, haya mabaki niyamwage wapi?" Ile "bosi" ilinilevya. Nikamwambia, "Mwaga hapo kwenye maua, ni kwenye unyevu, patameza." Akamwaga. Akasuuza na ndoo zake hapohapo. Nikasahau siku ileile.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Jioni moja natoka shambani, namwona Foibe kaburini, peke yake, ameinama. Anamimina kitu kutoka kwenye kibuyu shinani mwa yale maua, huku anasema maneno kwa Kinyasa, taratibu, kama mtu anayeongea na mtu. Mimi Kinyasa sikijui. Nilisimama nyuma ya mikahawa nikamtazama mpaka akamaliza. Ningeweza kutoka nikamsalimu. Ningeweza kumwuliza, "Shemeji, unafanya nini?" Wazee walisema kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa naujua msemo huo tangu darasa la kwanza. Nikaenda zangu nyumbani na lile jambo tumboni.

Mvua zikaja. Kichaka cha nyumbani kikachanua buluu kama kawaida. Cha kaburini kikaanza na zambarau chafu, rangi ya nguo iliyochujuka, halafu vichwa vilipofunguka vyote, vilikuwa pinki. Pinki kabisa! Kitawi cha kichaka kilekile, na hatua hamsini tu kutoka hapa hadi pale.

Kijiji kizima kilikuja kuona. Kuna waliosema mama ana hasira. Mwingine akasema ile si pinki, ni damu iliyochanganyika na maji. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na jibu tayari mfukoni tangu kiangazi.

Wakati ule ukoo wetu ulikuwa bado na sengu, ijapokuwa ilishaanza kufa kwa sababu kila mtu alitaka kula kwake na redio yake. Sengu ni pale wanaume wa ukoo tulipokula pamoja. Kila nyumba inaleta chakula, na mkishakula mnazungumza mambo na kukata mashauri. Wanawake walileta vyombo wakaondoka. Hawakukaa, wala hawakusema. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa sengu yetu. Siku hiyo nikaomba nafasi. Nikaeleza nilichokiona: kibuyu, maneno ya kigeni, jioni, peke yake. Nikamaliza kwa kusema, "Wazee wangu, kikulacho ki nguoni mwako." Nilijisikia fasaha sana.

Kosmas alinitazama mpaka nikaangalia pembeni. Akasema, "Kaka, unamsema mke wangu."

"Nasema nilichokiona."

"Umemwuliza?"

Baba mkubwa akamkatisha, akasema mdogo hambishii mkubwa wake kwenye sengu. Wakashauriana. Hawakutaka kusema neno lile baya la uchawi waziwazi, sisi ni Wakristo, kwa hiyo wakatafuta neno zuri la kulifunika. Kuna desturi kwamba mimba ya kwanza mwanamke anakwenda kujifungulia kwao. Wakasema, "Basi Foibe aende akajifungulie kwao." Ilikuwa mapema mno, miezi minne ilibaki, na kila mmoja pale alijua maana yake. Tukatikisa vichwa kama watu wenye busara.

Tulipotoka ndipo nilipoliona lile bakuli la maharage. Lilikuwa limewekwa chini kando ya ukuta, limefunikwa vizuri, halijamwagika hata punje. Foibe alishakwenda kufunga nguo zake.

Alfajiri aliondoka na jirani mmoja aliyekuwa akishuka ziwani. Alipiga magoti mbele yangu akasema, "Shikamoo, shemeji." Nikaitikia, "Marahaba." Neno hilo moja tu, na nilikuwa nimekunja uso. Wiki tatu baadaye Kosmas naye akafunga panga lake na blanketi, akateremka bila kuniaga.

Sasa nikawa na kaburi linalong'aa na maua pinki na hakuna mdogo wangu. Nikaona dawa ni kung'oa kichaka kile na kupanda kingine. Kwaresima, Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba, nikaenda kwa Sista Gaudensia kuomba kitawi. Alikuwa mzee tayari, mgongo umeinama, lakini ulimi wake ulikuwa umenyooka. Akanisikiliza nikimweleza habari ya mama kukasirika. Akaniambia, "Njoo huku."

Akanipeleka nyuma, kwenye mikahawa ya misheni. Hotensia buluu. Akanipeleka kwenye jengo jipya la darasa ambalo mafundi walikuwa wamelipiga lipu na chokaa mwaka uliopita. Hotensia chini ya ukuta: pinki, ileile ya kaburini kwangu. Halafu katikati, njiani, kichaka kimoja chenye vichwa vya buluu na vya zambarau kwa pamoja.

"Yote nimeyakata kwenye shina moja," akasema. "Na la mama yako lilitoka humo humo. Sasa niambie, nani amewaloga masista?"

Akaokota bonge la udongo.

"Udongo wetu mwekundu huu ni mchachu," akasema. "Ndani yake mna madini, yale yale ya sufuria unayopikia ugali. Udongo ukiwa mchachu, madini yanalainika, mzizi unayanywa, ua linatoka buluu. Ukitia chokaa, ukitia saruji, hata ukizidisha majivu, uchachu unakufa. Madini yamo vilevile, lakini yamefungwa, mzizi hauyapati. Ua linatoka pinki. Halina hasira wala halina furaha. Haya, kaburini umetia nini?"

"Sikutia kitu, Sista."

"Nimesikia umejenga."

"Nimejenga, ndiyo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa saruji."

"Na?"

"Na chokaa," nikasema. "Mabaki tuliyamwaga kwenye maua. Mimi ndiye niliyesema yamwagwe."

Nilitegemea atacheka. Afadhali angecheka. Aliniuliza tu, "Na yule binti wa Kinyasa yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kujifungulia kwao. Akasema, "Tasilo, umehukumu mtu kwa ushahidi wa ua, na hata hilo ua hukulihoji. Nenda leo. Usitume mshenga. Nenda mwenyewe, kabla hujala." Kitawi hakunipa.

Ningependa kukuambia niliteremka jioni ile. Hapana. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa, kuliko hata ile ya sengu. Kwenye sengu nilikuwa mjinga, na mjinga ana kisingizio. Baada ya siku hiyo nilikuwa najua.

Nilijiambia nitakwenda baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema barabara ina matope. Barabara ikakauka, nikasema kahawa imeiva, nitaiacha na nani? Watu waliniuliza, "Shemeji yako bado hajarudi?" nikajibu, "Bado, si unajua, amekwenda kujifungua." Baba mkubwa mwenyewe alinisikia nikisema hivyo na mimi sikumwambia ukweli. Kila nilipotaka kuondoka niliiona ile sura yangu siku ya sengu, na lile koti, na msemo wangu wa kikulacho, na miguu ikawa mizito. Nilikuwa naogopa kuonekana mjinga kwa muda wa saa moja. Kwa ajili ya saa hiyo moja nikamwacha mtu na jina baya miezi mitano.

Nilikwenda kahawa ilipokwisha. Kwanza nilisimama kwenye sengu nikasema yote, nusu ya wazee wakainamisha vichwa, na baba mkubwa akasema kwa sauti ndogo, "Tumekula uchafu." Halafu nikachukua jogoo na mfuko wa maharage, nikaanza kushuka. Nililala Kingerikiti kwa jamaa, kesho yake nikashuka tena, joto linaongezeka kila kilima, mpaka nikaliona ziwa.

Kosmas alikuwa amekaa mchangani, anashona nyavu. Anashona vibaya, mtoto wa milimani, vidole vimekatikakatika. Aliponiona hakusimama. Alisema, "Karibu, kaka," akaendelea kushona. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni!

Baba yake Foibe alinipokea kwa heshima iliyoniumiza kuliko matusi. Nikapewa kiti, nikapewa ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Nikasema siwezi kula kabla sijasema nililojia. Foibe akaja na mtoto mgongoni, akapiga magoti, "Shikamoo, shemeji." Nikashindwa kuitikia. Mimi ndiye niliyepiga magoti, mwanangu, mbele ya baba yake na mama yake na majirani waliokuwa wakianika usipa. Nikaeleza yote, chokaa na fundi na masista na sufuria. Nikasema, "Ni mimi. Nimekuharibia jina kwa kosa la mikono yangu mwenyewe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji, mimi nilikuwa nampelekea mama maji kwa sababu aliniomba. Alipokuwa kitandani aliniambia, maua yangu yasikauke. Na yale maneno, nilikuwa namwambia kwamba nina mimba. Nilitaka awe wa kwanza kujua, kabla hata ya Kosmas."

Mungu wangu!

Nikalia. Akaningoja nimalize. Halafu akaniuliza swali moja, tena bila ukali.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliyejua isipokuwa Sista, na Sista yuko milimani. Lakini nilikuwa nimechoka kuubeba uongo ule. Nikasema, "Kwaresima."

Foibe akahesabu kwa vidole. Mtoto alikuwa amezaliwa mwezi wa tano. Akasema, "Ungekuja Kwaresima ningepanda mlima na tumbo langu. Nilikuwa naangalia njia kila siku. Nilisema shemeji ni mkali lakini si mbaya, akijua atakuja. Sasa nimekusamehe, kweli nimekusamehe, hata leo ukifa usiwe na wasiwasi na mimi. Lakini kurudi, sirudi."

Na hakurudi. Kosmas naye hakurudi. Nyumba yake aliyoijenga jirani na yangu ilibomoka kwa mvua, na ngolo zake mlimani zilimezwa na majani mpaka leo huwezi kujua palilimwa. Ndugu tulikuwa wawili tu kwa mama, nikabaki peke yangu mlimani.

Kabla sijaondoka nikauliza jina la mtoto. Lilikuwa jina la mama yangu. Mtu niliyemsingizia kwamba amechafua kaburi la mama ndiye aliyelibakiza jina la mama duniani, wakati mimi niliyejenga kaburi nilikuwa nimekaa nyumbani nachelewa.

Yule mtoto ni mama mzima sasa. Huwa anapanda kunitembelea akija mjini Mbinga. Ananiambia, "Shikamoo, baba mkubwa," kwa mapenzi kabisa, na kila mara namwitikia huku naangalia chini. Sijui kama wazazi wake walimwambia. Sijapata ujasiri wa kuuliza, na umri huu wote!

Basi nasaha zangu, mwanangu, si nyingi. Jambo likiharibika nyumbani mwako, kabla hujauliza nani kalifanya, angalia kwanza wewe umemwaga nini hapo. Mara nyingi ni kitu ulichokifanya siku unajisifu, ndiyo maana umekisahau. Ukimwona mtu anafanya usilolielewa, mwulize yeye, usiwaulize watu wengine habari zake. Tena usimseme mtu mahali asipopewa nafasi ya kujibu, hata wazee wote wakikutikisia vichwa. Vichwa vyetu vilitikisika siku ile, na vyote vilikuwa vitupu.

Lakini hayo yote ukiyasahau, shika hili moja. Siku utakayojua kwamba umekosea, ondoka siku hiyohiyo. Usingoje matope yakauke wala kahawa iishe. Aibu ya kukiri inauma kweli, lakini ukiipokea inapita. Ukiikimbia inakuja kuishi kwako. Msamaha unaweza kuupata hata ukichelewa, mimi niliupata. Mtu ndiye usiyempata tena.

Mungu akupe macho ya kuiona mikono yako mwenyewe, mwanangu. Akupe miguu myepesi siku ya kwenda kuomba radhi, na huko uendako akukutanishe na mtu ambaye bado anaangalia njia. Amina.